Siamini Hakuchanjwa

Kila alipotoka shule, Marsiana alivua sare, akala ugali wa ulezi aliofunikiwa na mama yake, kisha akaenda nyumba ya pili kuwachukua mbwa wa Bibi Cornelia.

Bibi Cornelia hakuwa bibi yake wa kuzaliwa. Alikuwa jirani, mjane aliyelima mahindi na maharage kwenye shamba lililopakana na msitu, pembezoni mwa mtaa wa Milanzi. Ngedere walipenda sana shamba hilo, na ndiyo sababu alifuga mbwa wawili. Askari alikuwa dume mzee, mpole, mwenye sikio moja lililochanika. Siamini alikuwa jike mchanga wa rangi ya kahawia, asiyetulia hata dakika moja. Zamani Bibi aliwatembeza mwenyewe. Lakini masika ya mwaka ule aliteleza kwenye mawe akaumia goti, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, kutoka jikoni hadi barazani tu.

"Mbwa anayefungwa kutwa nzima huwa mkali bure," alimwambia Marsiana alipomwomba msaada huo. "Wapitishe njia ya msituni mpaka kijitoni, wanywe maji, mrudi. Ila usiwafungue kamba. Njia ile ni ya watu wote."

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya shamba na kupita chini ya misonobari mirefu. Nje, upepo wa kipupwe ulivuma mpaka masikio yakauma, lakini humo ndani ulisikika juu tu, kwenye vilele vya miti. Chini kulikuwa na kivuli kizito na harufu ya utomvu, na zulia laini la majani ya misonobari lililofanya nyayo zisisikike. Mara chache Marsiana alikutana na akina mama wenye mizigo ya kuni. Aliwaamkia, wakaitikia, wakapita.

Aliipenda njia ile kwa sababu nyingine pia. Humo hakuna mwanafunzi mwenzake aliyemwona. Mara ya kwanza alipopita na mbwa barabarani, wavulana wa darasa la sita walimwita Mama Mbwa, na jina likaingia mpaka darasani. Marsiana alikuwa msichana anayependa kusifiwa. Jina lile lilimchoma. Basi alijificha msituni, na huko, akiwa peke yake, alizungumza na mbwa wale kama watu, akawasimulia mambo ya shule.

Siku moja pikipiki yenye kipaza sauti ilipita mtaani ikitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Jumamosi, kila mwenye mbwa ampeleke kwenye uwanja wa ofisi ya kata.

"Wapeleke wote wawili, mjukuu wangu," Bibi Cornelia alisema. "Askari huchanjwa kila mwaka, ameshazoea. Siamini ndiyo mara yake ya kwanza, kwa hiyo mshike vizuri. Ningekwenda mwenyewe, lakini goti hili halinifikishi."

Uwanjani foleni ilikuwa ndefu. Mbwa walibweka, watoto wakapiga kelele, na Siamini, ambaye hakuwahi kuona umati kama ule, alianza kutetemeka. Mara akakojoa, na mkojo ukamrukia Marsiana kwenye sketi.

"Mama Mbwa, mwanao kakukojolea," alisema mvulana mmoja wa darasa lake.

Foleni nzima ikacheka. Hata Minza, rafiki yake wa karibu, alifunika mdomo kwa kiganja. Marsiana alihisi uso ukiwaka moto. Alizivuta kamba akatoka kwenye foleni, akashika njia ya msituni karibu kukimbia.

Minza alimfuata. "Marsiana, ngoja. Si walikuwa wanatania tu?"

"Nitarudi foleni ikipungua," Marsiana alisema.

Alikusudia kweli kurudi. Alifua sketi yake kijitoni, akaianika juani kwenye jiwe huku amejifunga kanga ya Minza. Wakisubiri ikauke, waliokota vijiwe wakacheza mdako. Mchezo ulinoga. Walipokumbuka kunyanyuka, jua lilikuwa limeshainama nyuma ya milima, na walipofika uwanjani walikuta umebaki mtupu, una alama tu za matairi ya gari la wachanjaji.

"Utamwambia Bibi?" Minza aliuliza.

"Nitamwambia," alisema Marsiana.

Lakini Bibi Cornelia alikuwa amekaa barazani akiwangoja. Alikuwa amechoma mahindi mawili, moja lake, moja la Marsiana. Alimtazama msichana huyo kwa macho ya furaha.

"Poleni na foleni. Wamechanjwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na kadi zao?"

"Wamesema watazipeleka kwa mtendaji."

Uongo wa pili ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Bibi akampa hindi lake na kumwambia Mungu ambariki kwa kumsaidia mzee. Marsiana alilipeleka hindi nyumbani akampa mdogo wake. Hakuweza kulila.

Siku zilipita. Mwanzoni aliwaza kusema ukweli kila alipochukua kamba. Baadaye alijiambia kwamba mwakani chanjo itakuja tena, na mwaka mmoja si kitu. Aliona ameshasalimika. Akazoea hata kuwafungua mbwa wakifika kwenye kivuli cha misonobari, kwa kuwa Siamini alipenda kukimbia mbele kisha kurudi akihema.

Jioni moja, Siamini alitangulia hivyo, na mara Marsiana akasikia vurugu. Alipofika alimkuta akipigana na mbwa mgeni, mweusi, aliyekonda mbavu nje, mate yakimtoka mdomoni kama povu. Marsiana alirusha mawe. Yule mbwa hakukimbia kama mbwa wengine wakirushiwa mawe. Alimtazama tu, kisha akaondoka akiyumba, akajipenyeza vichakani.

Siamini alikuwa na jeraha dogo shingoni, limelowa damu na mate. Marsiana alimpeleka kijitoni akamwosha kwa mikono yake. Kidole chake kimoja kilikuwa na mchubuko alioupata wakati wa kuparua viazi, na maji yalipougusa kikamuuma kidogo. Manyoya ya Siamini yalipokauka, jeraha halikuonekana tena.

Angemwambia Bibi, angeulizwa kwa nini aliwafungua mbwa. Na hapo maswali yangefuatana mpaka yafike kwenye chanjo. Kwa hiyo alinyamaza. Alipowarudisha, aliwafunga haraka, akaaga bila kuketi.

Wiki kadhaa baadaye, Siamini alibadilika. Aliacha kula. Alijificha chini ya ghala la mahindi na hakutaka kutoka hata alipoitwa. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

"Sijui kala nini huyu," Bibi Cornelia alisema. "Leo usimtoe. Mwache apumzike."

Mchana uleule Sadick alikuja. Sadick alikuwa mtoto wa miaka mitano, mwana wa Mwanamvua, mama aliyekaanga vitumbua kwenye kona ya mtaa. Alitumwa kurudisha sahani ya Bibi, na kama kawaida yake alikwenda kwanza kumsalimia Siamini. Aliinama chini ya ghala akanyoosha mkono. Marsiana, aliyekuwa akimchotea Bibi maji, alisikia mtoto akipiga ukelele.

Siamini alikuwa amemng'ata mkononi, juu kidogo ya kifundo. Damu ilikuwa ikichuruzika.

Mwanamvua alifika mbio, mikono bado ina unga. Alimbeba mwanawe, akatazama jeraha, kisha akamtazama Bibi Cornelia.

"Shikamoo, Bibi. Samahani nakuuliza kabla hata hatujakaa. Huyu mbwa amechanjwa?"

"Amechanjwa, mwanangu. Ondoa hofu kabisa. Juzijuzi tu kwenye kampeni, Marsiana mwenyewe ndiye aliyewapeleka." Bibi akageuka. "Si kweli, mjukuu wangu?"

Wote watatu walimtazama, hata Sadick aliyekuwa akilia begani kwa mama yake. Marsiana alikuwa ameshika ndoo. Alitaka kusema hapana. Halafu aliuona uso wa Bibi, ulivyojaa uhakika, akaona jinsi ambavyo ungebadilika.

"Ndiyo," alisema.

"Alhamdulillahi," Mwanamvua alisema, na mabega yake yakashuka. "Basi nitamwosha kwa maji ya chumvi, nimfunge kitambaa. Watoto nao hawasikii. Namkataza kila siku asichezee mbwa."

Akaondoka polepole, akimbembeleza mtoto. Marsiana alimtazama mpaka alipokata kona. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye ndoo na kumlowesha miguu, naye hakuhisi.

Usiku huo mama yake, Fransiska, alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Huo nao ulikuwa uongo, ingawa hakujua aliumwa wapi.

Kesho yake wakati wa mapumziko, alimsimulia Minza yaliyotokea. Minza aliacha kutafuna.

"Marsiana, yule mbwa hatukumpeleka."

"Najua."

"Sisi kwetu kuna ng'ombe aling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Alikaa vizuri muda mrefu, tukasahau. Halafu akaanza kulia usiku na mchana, mate yanamtoka, anataka maji lakini hawezi kuyameza. Baba alisema hakuna dawa tena ikifika hapo." Minza alipunguza sauti. "Alisema ni vilevile kwa mtu."

Marsiana hakusubiri kengele. Aliinuka, akaenda kwa mwalimu wa zamu akaomba ruhusa, akisema kuna mgonjwa mtaani anayehitaji kupelekwa hospitali. Mwalimu alimtazama usoni akamruhusu bila kumuuliza zaidi. Njiani alisimama mara mbili. Mara mbili alimwona Sadick mawazoni akinyoosha mkono chini ya ghala, akaendelea.

Bibi Cornelia alikuwa akipepeta maharage barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umerudi mapema?"

"Bibi, Siamini hakuchanjwa." Alisema yote bila kupumua, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuendelea: foleni, kicheko, mdako, mbwa mweusi mwenye povu, jeraha la shingoni. Alisema akitazama ungo. Alipomaliza, maharage yalikuwa yametulia.

Bibi hakumpiga wala hakumfokea. Uso wake ulikuwa umesawijika. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Nilimwapia mama wa watu," Bibi alisema mwishowe, kama anayejisemea. "Nilimwambia aondoe hofu." Akaitafuta fimbo yake. "Nyanyuka. Tunakwenda kwa Mwanamvua."

"Bibi, goti lako."

"Goti si kitu leo."

"Naomba umwambie wewe, Bibi. Mimi siwezi."

Bibi Cornelia alisimama, akaegemea fimbo. "Nitasimama pembeni yako. Lakini kusema utasema mwenyewe. Mdomo uliosema amechanjwa ndio utakaosema hakuchanjwa."

Kutoka pale hadi kwa Mwanamvua hapakuwa mbali, lakini Bibi alitembea kwa shida, na kila jirani aliyewaona alitoka nje kuuliza kulikoni mzee kutembea hivyo. Bibi aliwajibu, "Tuna shida kidogo," akaendelea. Marsiana hakuinua macho.

Mwanamvua alikuwa akiosha kikaango. Sadick alikaa kwenye kigoda akila kitumbua, mkono wake umefungwa kitambaa cha maua. Alipomwona Marsiana alitabasamu, akamwonyesha kile kitambaa kwa fahari.

Tabasamu lile ndilo lililomliza Marsiana. Alisema huku analia, na ikabidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza Mwanamvua hakuelewa. Alipoelewa, aliweka kikaango chini taratibu. Alimtazama Marsiana, na katika macho yake hapakuwa na hasira bado, palikuwa na hofu tupu.

"Jana nilikuuliza," alisema. "Mbele ya mtoto wangu nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama Sadick."

Mwanamvua alijifunga mtandio, akambeba mwanawe, akaenda barabarani kusimamisha bodaboda. Bibi Cornelia alimwita Fransiska, mama yake Marsiana, akamweleza kwa maneno machache. Fransiska alimshika binti yake mkono, nao wakafuata kwa pikipiki nyingine hadi hospitali ya mjini.

Muuguzi aliyewapokea alifungua kitambaa, akaliosha jeraha upya kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, kwa muda mrefu, huku Sadick akilalamika kwamba anawashwa.

"Mtu aking'atwa na mbwa, fanyeni hivi palepale," alisema. "Maji mengi na sabuni, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hautibiki. Lakini mkiwahi kabla, tunauzuia. Huyu tumewahi. Atachomwa leo, na atarudi tena mpaka sindano zote ziishe. Msikose hata moja."

Kisha akauliza, "Kuna mwingine aliyegusa mate ya mbwa huyo?"

Marsiana alikumbuka kijito na kidole kilichochubuka. Angeweza kunyamaza tena, na mama yake asingejua. Alinyoosha mkono wake.

"Mimi," alisema. "Nilimwosha Siamini jeraha alilong'atwa, na nilikuwa na mchubuko kidoleni."

Fransiska alishika mdomo. Hakuwa amewaza kwamba mwanawe mwenyewe yumo hatarini. Muuguzi alimpangia Marsiana sindano kama za Sadick, na wakatoka hospitalini jua likizama, watoto wawili wenye mikono inayouma.

Asubuhi yake alikuja afisa mifugo, Bwana Adolfu, aliyepewa taarifa na hospitali, amevaa glavu nene na viatu vya mpira. Majirani walijaa kwenye ua. Siamini hakuweza tena kusimama. Alikuwa akitafuna ukuni chini ya ghala, povu mdomoni, na hakumtambua mtu.

"Nani alikuwa na mbwa huyu aliposhambuliwa?" Bwana Adolfu aliuliza. "Nahitaji kujua wapi na lini, na huyo mbwa mgeni alielekea wapi. Anaweza kuwa ameng'ata wengine."

Marsiana alijitokeza mbele ya watu wote. Miongoni mwao alikuwa yule mvulana wa darasani. Hakucheka. Marsiana alieleza kila kitu, hata kwamba aliwafungua mbwa kamba, na kwamba siku ya chanjo alikuwa akicheza. Kuna mama mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mtoto wa watu nusura afe." Ilikuwa kweli.

Bwana Adolfu alimdunga Siamini sindano ili asiteseke zaidi, wakamfukia kwenye shimo refu. Askari, ambaye alichanjwa miaka iliyotangulia, alichanjwa tena palepale na kufungwa mahali pa peke yake ili achunguzwe kwa miezi kadhaa. Wiki hiyohiyo gari la wachanjaji lilirudi, likapita nyumba kwa nyumba.

Marsiana alilia sana kwa ajili ya Siamini, lakini alilia kwa kujificha, maana aliona hana haki ya kupewa pole na mtu. Bibi Cornelia alimkuta nyuma ya ghala.

"Mbwa yule alikuamini," Bibi alisema, akikaa kwa shida kwenye gogo. "Hata mimi nilikuamini. Na mimi nina kosa langu. Nilimhakikishia mwenzangu jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu. Nimeshamwomba radhi."

"Niliona aibu, Bibi. Walinicheka."

"Kutunza mnyama ni kazi ya heshima. Hapo uliona aibu pasipostahili. Kisha ukadanganya, na hapo palipostahili aibu hukuiona, mpaka damu ya mtoto ilipomwagika. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ya kusema kosa huchoma siku moja. Ukiificha, inakwenda kumchoma mwingine asiye na hatia."

Marsiana aliinamisha kichwa.

Kwa muda wote wa sindano, Marsiana na Sadick walikwenda hospitali siku zilezile. Mwanamvua aliitikia shikamoo ya Marsiana, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, lakini hakumwambia lolote zaidi. Kwenye benchi alikaa upande wa pili na kumpakata mwanawe. Marsiana hakulalamika. Kila safari alimwangalia Sadick machoni kutafuta dalili, na kila usiku aliomba asizione.

Siku ya sindano ya mwisho muuguzi alimpiga Sadick begani kwa upole, akawaambia wamemaliza, mtoto yuko salama, na Marsiana pia. Fransiska alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwanamvua alikaa kidogo, macho yamefumba. Kisha akainuka, akavuka chumba, akasimama mbele ya Marsiana.

"Siku ile ulipokuja mlangoni kwangu nilitaka kukufukuza," alisema. "Nilikuwa na hasira mpaka nikaogopa kufungua kinywa. Leo naweza kusema. Mwanangu alikaribia kufa kwa sababu ulisema uongo. Na mwanangu yu hai kwa sababu ulirudi ukasema kweli, ingawa ilikuwa vigumu. Yote mawili ni yako, Marsiana. Usichukue moja ukaacha jingine. Ukiyashika yote, utakuwa mtu mzima mzuri."

"Ndiyo, Mama Sadick," Marsiana alisema. Machozi yalimtoka, lakini safari hii hakuyafuta wala hakuinama. "Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe." Mwanamvua alimweka Sadick chini. "Mshike mkono tukavuke barabara. Shika vizuri, kuna pikipiki nyingi."

Marsiana aliushika mkono mdogo wa Sadick, wakatoka nje kwenye upepo.